Popo Anakaa Usiku

Katika darasa moja la maandalizi kisiwani Pemba, mwalimu aliwauliza watoto: "Simba anakaa wapi?" Wakaitikia kwa pamoja, "Porini!" Samaki? "Majini!" Ndege je? "Mtini!" Sauti zilizidi kupanda kila swali, kama watu wanaoitikia dufu, na mwalimu naye akachangamka. Kisha akauliza, "Popo anakaa wapi?" Darasa likanyamaza. Mtoto mmoja wa kiume, miaka mitano hivi, aliyekuwa nyuma kabisa, akasema, "Usiku."

Wenzake wakamcheka. Mwalimu alitabasamu, akamsahihisha kwa upole: "Popo anakaa mtini, baba." Mimi nilikuwa nimekaa mkekani pembeni, mgeni wa siku moja, na jibu lile mpaka leo halijanitoka. Naona yule mtoto ndiye peke yake aliyefikiri asubuhi ile. Wenzake walitaja anuani. Yeye alitaja maisha.

Somo la makazi ya wanyama na mimea, kwa jinsi nilivyoliona katika skuli nyingi za maandalizi Unguja na Pemba, limegeuzwa somo la anuani. Ukutani pana bango la picha: simba kwenye majani makavu, ngamia jangwani, twiga chini ya mti wenye miba, na dubu mweupe juu ya barafu. Yule dubu nimemkuta katika kuta nyingi kuliko nilivyomkuta kaa. Mwalimu anaelekeza kwa fimbo, watoto wanataja, somo limekwisha. Sina ugomvi na dubu, na mtoto wa Wete ana haki ya kujua kwamba duniani kuna barafu. Ninachosema ni kwamba dubu wa bangoni haulizwi swali akajibu. Huwezi kumngoja uone anakula nini, wala jua likimpiga anakimbilia wapi. Unamkariri tu, kama unavyokariri jina la mji mkuu wa nchi usiyowahi kufika.

Na makazi hayakaririki. Makazi ya kiumbe ni mahali anapopata chakula chake, maji yake, kivuli chake, pa kujificha adui akija na pa kulelea wanawe. Na vyote hivyo kwa wakati wake. Mtoto wa miaka mitano anayaelewa haya kuliko tunavyodhani, maana na yeye ana njaa, ana kiu, ana usingizi, ana mahali anapojificha akivunja kikombe. Ukimwanzia hapo, yuko nawe. Ukimwanzia kwenye neno "makazi" na bango, unamfundisha kuitikia.

Mtazame huyo popo mwenyewe. Popo wa Pemba, yule mkubwa mla matunda, hapatikani kokote duniani isipokuwa kisiwa hicho. Mchana hajifichi pangoni wala darini kama popo wadogo tuliozoea. Ananing'inia wazi kwenye matawi ya miti mirefu, mamia kwa mamia, kama pale kijijini Kidike, na joto likizidi hujipepea kwa mbawa zake. Jua likizama wanaruka, wanatawanyika mashambani kutafuta maembe, kungu na maua ya msufi. Wakila, wanabeba chavua kutoka ua hadi ua na kudondosha mbegu mbali na mti mama. Kwa hiyo mti ule wa mchana ni chumba cha kulala. Jiko liko kwengine, na linafunguliwa magharibi. Ukimwambia mtoto kwamba popo anakaa mtini, umemwonyesha kitanda ukamwambia hii ndiyo nyumba nzima. Yule kijana aliposema "usiku" alikuwa karibu na ukweli kuliko fimbo ya mwalimu.

Ndiyo maana nashikilia kwamba visiwani kwetu somo hili lianze pwani. Watu husema pwani ni nzuri kwa watoto kwa sababu ina upepo na mchanga. Mimi naitaka kwa sababu nyengine kabisa: pwani ni mahali ambapo makazi yanabadilika mara nne kwa siku, mbele ya macho ya mtoto, bila ya kumngoja mtu. Maji yanajaa mara mbili, yanapwa mara mbili. Wakati wa bamvu, yaani siku za maji makubwa, tofauti baina ya maji kujaa na maji kupwa Unguja hukaribia mita 4, yaani zaidi ya kimo cha watu wawili waliopandana mabegani. Msitu wa Jozani utaukuta jioni kama ulivyouacha asubuhi. Mwamba wa Jambiani, pwani ya mashariki, hutaukuta.

Msimamishe mtoto juu ya mwamba huo maji yakiwa yamepwa, umuulize: hapa ni nchi kavu au bahari? Atasema nchi kavu, maana miguu yake haikulowa. Muulize: saa kumi alasiri je? Atacheka, kwa sababu anajua. Ameona ngalawa zikielea pale pale. Basi chaza aliyeshikamana na jiwe hili, yeye anakaa wapi? Hapo ndipo somo linapoanza. Chaza ana mlango wake, akiufunga anabaki na maji yake ndani mpaka bahari irudi. Kaa wadogo wa matopeni, wale ambao dume ana gando moja kubwa linalomshinda hata kulibeba, wanatoka mashimoni maji yakiondoka, wanachota tope na kulichuja, na maji yakirudi kila mmoja anaingia shimoni kwake akaziba mlango kwa udongo. Kwetu sisi maji yakija tunapanda juu. Kaa huyu anashuka chini. Nimeona mtoto wa miaka sita akilishangaa jambo hili kwa dakika nzima bila ya kusema neno, na dakika nzima kwa mtoto wa umri ule ni muda mrefu.

Pahala hapo hapo ambapo asubuhi ndege wenye miguu mirefu walikuwa wakidonoa, alasiri tasi wanakuja na maji kula majani. Ni makazi ya zamu. Na tasi hao hawabagui baina ya majani ya Mungu na mwani wa mama. Watoto wa Paje, Bwejuu na Jambiani hawahitaji bango kulijua hili, kwani mama zao wanalima mwani tangu mwaka 1989, na wameshawasikia wakilalamika kwamba tasi wameguguna. Wameshasikia pia kwamba aina ile ya mwani yenye bei nzuri zaidi, kotonii, haishiki tena kwenye maji ya karibu kama zamani. Maji yakipata joto sana yanauozesha, na wakulima wengine wanasogea kwenye kina kirefu. Hilo ni somo zima la makazi ya mmea: mmea nao una joto lake, kina chake na majirani zake, na kimoja kikivurugika mmea unahama au unakufa. Tunalo pwani kila siku, ila halijapata kuingia darasani kwa sababu limevaa kanga iliyolowa na halikuja na kitabu.

Nimesema mama. Pwani ya mashariki, mwanamke anayekwenda kuvua pweza maji yakipwa ndiye mwalimu wa makazi tuliye naye, na hatumwiti. Yeye anajua pango la pweza kwa alama ambazo mimi na wewe hatuzioni: mawe madogo yaliyorundikwa mlangoni, makombe matupu ya chakula cha jana, maji yaliyochafuka kidogo. Binti yake anayemfuata na kapu amejifunza hayo kabla hajajua kusoma. Halafu binti huyo huyo anakwenda skuli, anaulizwa ngamia anakaa wapi, hajui, anaonekana mzito.

Lugha nayo inatushtaki. Neno "makazi" ni zuri kwa mtihani, lakini Kiswahili hakijaridhika na neno moja. Ndege ana kiota, mchwa wana kichuguu, nyuki wana mzinga, kaa ana shimo, pweza ana pango, buibui ana utando, kuku ana tundu. Kila neno limebeba namna nyumba ilivyojengwa na aliyeijenga. Mtoto aliyeyajua maneno saba haya na akaviona vitu vyenyewe vitatu tu, ameshajua mengi kuhusu makazi kuliko aliyetaja jangwa, barafu na savana. Kuna jina jengine nalipenda sana: yule mnyama wa baharini mwenye umbo la nyota tunamwita kiti cha pweza. Sijui kama pweza amewahi kumkalia. Lakini aliyempa jina hili aliwaona wawili hao wakiishi mtaa mmoja, na akaona hilo ndilo la kusimulia.

Vitendawili vyetu vilikuwa vikifanya kazi hii kabla ya skuli. "Nyumba yangu haina mlango": yai. "Kuku wangu katagia mibani": nanasi. Hicho cha pili nakiona ni kitendawili cha makazi hasa, kwa sababu kinamlazimisha mtoto ajiulize tunda lile kwa nini limekaa katikati ya majani yenye miba, na miba inamzuia nani. Bibi alikitega, akangoja, akapewa mji, kisha akajibu. Kungoja kule ndiko kunakokosekana darasani.

Na chuoni, yaani kwenye chuo cha Kurani, je? Watoto wetu wengi asubuhi wako skuli na alasiri wako chuoni, na ajabu ni kwamba chuoni wanakariri habari za makazi bila ya mtu yeyote kuwaambia. Katika Sura ya Nahl, nyuki anafunuliwa ajifanyie nyumba milimani, mitini na katika wanavyojenga watu. Katika Sura ya Naml, chungu anawaonya wenzake waingie maskani zao jeshi la Nabii Suleiman lisije likawaponda. Katika Ankabuti, nyumba ya buibui inatajwa kuwa dhaifu kuliko nyumba zote. Sura tatu zenye majina ya viumbe watatu, na katika kila moja nyumba ya kiumbe imetajwa. (Neno "maskani" nalo, visiwani kwetu, limehamia kwa vijana wa barazani na siasa zao, kiasi kwamba ukisema maskani ya chungu, mtoto anaweza kuuliza ni wa chama gani.) Sioni kwa nini mwalimu wa maandalizi na ustadhi wa chuo wasizungumze wakapanga wiki moja ya chungu: asubuhi watoto wamtazame, alasiri wamsome.

Kwa sababu chungu wako, na hawahitaji gari wala ruhusa. Majimoto, wale wekundu wanaouma kwa hasira, wako kwenye miembe, mikarafuu na michungwa. Nyumba yao ni majani mabichi yaliyounganishwa, na jinsi yanavyounganishwa ni kioja: chungu wakubwa hushikana wakayavuta majani yakaribiane, kisha wengine wanakuja na watoto wao, mabuu, wamewabana mdomoni, wanawapitisha huku na huku kama sindano, na mabuu wanatoa uzi unaoshona. Mwambie mtoto wa miaka mitano kwamba kuna nyumba imeshonwa na watoto, uone kama atasinzia. Majani yakikauka wanahama na kushona nyumba mpya. Na mnazi wenye majimoto unapata walinzi, maana wanamfukuza mdudu anayefyonza vidaka mpaka vikapukutika. Wazee wa mashamba wanalijua hili. Mtoto anachokijua ni kwamba wanauma, na hatumwambii zaidi.

Hata mjini, Michenzani au Darajani, ambako wengine watasema hakuna mnyama wa kutazamwa, kunguru yupo. Huyu ndiye mwalimu wangu ninayempenda kuliko wote kwa watoto wa mjini. Kunguru hawa weusi wenye shingo ya kijivu si wa hapa. Waliletwa Unguja kutoka Bara Hindi katika miaka ya 1890, kwa hesabu kwamba watasafisha taka. Wakakuta taka nyingi, wakaridhika, wakazaana, wakawala makinda ya ndege wadogo wa kienyeji, na wakavuka mpaka bara. Muulize mtoto: kunguru anahitaji nini? Atatazama jaa atajibu mwenyewe. Makazi ya kunguru ni sisi. Tukifunika taka, tumemvunjia nyumba. Hapo mtoto wa mjini ameelewa jambo ambalo dubu wa barafu hatamfundisha kamwe: makazi yanaweza kutengenezwa na mtu bila ya kukusudia.

Kuna somo jengine linalohitaji beseni la kufulia, mchanga na mawe mawili, nami naliona ni zuri kuliko mabango yote. Jiwe moja, Unguja, liweke juu ya kilima cha mchanga kinachoshikana na ukingo wa beseni, ambao ni bara. Jiwe la pili, Pemba, lisimame peke yake, katikati yake na bara pawe na shimo refu. Jaza maji, vyote viwili ni visiwa. Sasa chota maji kwa kikombe, polepole. Unguja inaungana na bara. Pemba inabaki kisiwa. Ndivyo ilivyokuwa enzi za barafu, bahari iliposhuka. Mkondo wa Pemba una kina cha mamia ya mita, lakini baina ya Unguja na bara maji ni machache, na wanyama walipita kwa miguu. Ndiyo maana Unguja ilikuwa na chui na ina kima punju, yule kima mwekundu wa Zanzibar, na Pemba haikupata chui, na kima punju wachache walioko huko, katika msitu wa Ngezi, wamepelekwa na watu katika miaka ya 1970. Pemba kwa upande wake ilikaa peke yake muda mrefu ikatoa vya kwake: popo wake, ninga wake, bundi wake, chozi wake, na mpapindi, mti mwembamba wa jamii ya mnazi wa msitu huo wa Ngezi. Mtoto anayechota maji kwa kikombe na kuona njia ikitokeza, hatasahau. Hayo si mambo ya chuo kikuu, ni mambo ya beseni.

Lipo jambo zito zaidi, nalo ni hofu. Kabla mtoto hajaja skuli tumeshamfundisha mengi kuhusu wanyama, mengi yake ya kutisha. Bundi akilia ni msiba. Kinyonga ni nuksi. Popo, tangu zile taharuki za popobawa, jinamizi lililosemwa kuwavamia watu usiku, zilizotukosesha usingizi mwaka 1995, jina lake lina mzigo ambao mnyama mwenyewe hakuubeba. Kima punju hata jina lake limetiwa sumu, kwa kuwa watu waliamini kwamba mti anaoula unakufa. Chui wa Unguja walisemwa kuwa wanafugwa na wachawi, na baada ya Mapinduzi ya 1964 ikaendeshwa kampeni kubwa ya kuwamaliza wachawi na chui wao pamoja. Wachawi sina uhakika kama walikwisha. Chui walikwisha, au tuseme hakuna tena anayeweza kumwonyesha mtoto wake chui Unguja isipokuwa yule aliyejazwa pamba katika makumbusho.

Hofu ya namna hii haitolewi kwa hotuba ya mazingira. Inatolewa kwa kumjua mnyama anahitaji nini. Chukua kima punju. Wako zaidi ya 5,800 kwa hesabu iliyotolewa mwaka 2017, karibu wote Unguja na viunga vyake, na kiini chao ni Jozani, ambayo pamoja na Ghuba ya Chwaka ilifanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 2004. Wanaoishi pembezoni mwa hifadhi, karibu na mashamba, wana tabia ya ajabu: wanakula mkaa. Wanaokota vipande kwenye matanuu ya wachoma mkaa wakavitafuna. Wataalamu wanaeleza kwamba majani ya mkungu na mwembe wanayoyapenda yana chakula kingi lakini pia yana vitu vinavyosumbua tumbo, na mkaa unavinasa. Mtoto aliyepewa dawa ya tumbo na bibi yake akakunja uso anamwelewa kima huyu mara moja. Na akimwelewa, yale matuta ya barabarani Jozani, yaliyowekwa baada ya kima wengi kugongwa na magari, anajua kwa nini daladala inapunguza mwendo pale. Barabara imepita katikati ya nyumba ya mtu.

Pemba wamefaulu zaidi katika hili. Mwishoni mwa miaka ya 1980 popo wao walikuwa wamebaki wachache mno kwa kuwindwa na kukatiwa miti. Vijiji vikaunda vikundi vya kuwalinda, na watoto nao wakafundishwa. Leo wanahesabiwa kupindukia 20,000. Na kwa kuwa wageni wanalipa kiingilio kwenda kuwatazama, hata wazee waliokuwa wakiwala wamepata sababu ya kuwaacha. Sidharau sababu hiyo. Ila yule kijana wa nyuma ya darasa hakusema "popo analeta fedha".

Sasa nifike mahali ambapo naona hata watetezi wa mazingira wanateleza: mikoko. Ukimpeleka mtoto kwenye mikoko ya Ghuba ya Chwaka, hakuna darasa zuri kuliko lile. Mwambie alambe jani la mchu, mmoja wa miti ya mikoko. Atatema mate kwa chumvi, na umeshamweleza namna mti unavyoishi majini bila ya kufa kwa kiu. Mwonyeshe mizizi ya mkoko iliyosimama kama miguu ya buibui, na mtoto wa mkoko aliyeota akiwa bado juu ya mama yake, mrefu kama kalamu, anayengoja kuanguka na kuchoma tope. Mwonyeshe samaki wachanga wanaojificha chini. Vyema. Lakini mtoto huyo amelala jana chini ya paa la boriti, na boriti ni mikoko. Baba yake ameikata, au ameinunua kwa aliyeikata. Nimewahi kusikia mwalimu akiwaambia watoto kwamba anayekata mikoko ni mtu mbaya, na nikaona nyuso mbili tatu zikiinama. Ukimfundisha mtoto wa miaka sita makazi ya kaa kwa kumwaibisha babake, umemfundisha kunyamaza tu. Heri aulizwe: kaa anahitaji mkoko kwa nini? Sisi tunauhitaji kwa nini? Tukiukata wote, nani anakosa? Majibu yake yatafika nyumbani chakula cha usiku, tena bila ya kosa la mtu.

Naujua ubishi utakaokuja. Mwalimu ana watoto sitini, yuko peke yake, hana nauli, na pwani kuna miamba inayokata na samaki wenye miba ya sumu. Ni kweli tupu. Nimemwona mwalimu wa maandalizi akiwafungia watoto kamba za viatu kwa nusu saa kabla ya kutoka nje dakika kumi. Kisiwa cha Chumbe kimekuwa kikipokea watoto wa skuli tangu miaka ya 1990 kuwaonyesha matumbawe na kaa wa minazi, na kazi ile naisifu, lakini boti haibebi kila darasa la maandalizi. Safari za Jozani ni hivyo hivyo. Tena safari hizo zina dosari moja: zinamfanya mtoto aamini kwamba makazi ni mahali pa kwenda kwa basi na kurudi na biskuti.

Lakini tumeshawahi kupita njia nyengine. Vituo vya TuTu, Tucheze Tujifunze, vilivyoanzishwa vijijini katika miaka ya 2000 kwa masomo ya redio, vilimtegemea mkaazi wa kijiji hicho hicho, chini ya mti au barazani, na nyimbo na michezo. Madrasa za maandalizi kabla yao, tangu mwaka 1990, zilikuwa zikitumia vifuu, makumbi, mbegu na makombe badala ya vifaa vya kununua. Kwa hiyo hakuna jipya ninaloliomba. Naomba mama mmoja mvua pweza na bibi mmoja mjuzi wa majani wawe na siku yao darasani, na watoto ishirini ishirini wateremke pwani kwa zamu, wamevaa viatu, pamoja na watu wazima watatu. Na sharti moja: jiwe lililogeuzwa lirudishwe lilivyokuwa, kwa sababu chini yake ni dari ya mtu, na kombe tupu lisibebwe kwenda nyumbani, maana yupo kaa asiye na gamba lake ambaye analitafuta.

Limebaki la wakati, na hapa nitawapa walimu siri ambayo wavuvi hawaioni kuwa siri. Unguja, maji ya bamvu hupwa kabisa baina ya saa nne na saa tano asubuhi, yaani katikati ya masomo. Maji mafu, yale yanayojaa na kupwa kidogo, hayana faida. Asubuhi yake bahari huwa imejaa. Na bamvu huja na mwezi: mwezi mosi na mwezi pili, kisha mwezi kumi na tano na kumi na sita. Ndiyo sababu Idi Mosi ya baada ya Ramadhani, asubuhi, watu wakitoka kuswali, pwani iko wazi na ngalawa zimelala ubavu. Wizara haina haja ya kuchapisha jedwali la maji kwa kila skuli, maana kila nyumba ina kalenda ya Hijria ukutani, na kila mtoto wa chuo anaijua. Asubuhi mwalimu akifungua darasa, kabla ya kuchukua fimbo na kuelekea kwenye bango, awaulize kwanza: leo mwezi ngapi?